Mjadala wa Jioni Haujafika Butembo

Mtangazaji wa redio ya taifa nchini Kongo akitaja saa, hutaja mbili. Ya kwanza ni ya Kinshasa, ya pili ni ya Lubumbashi, na kati yake kuna tofauti ya saa nzima. Butembo na Beni zimo upande wa Lubumbashi. Kinshasa ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, huku Kivu Kaskazini ni saa moja: jua limepanda, maduka ya rue Président de la République mjini Butembo yanafunguliwa, na mkulima wa Oicha au Mbau ameshaamua kama leo anakwenda kwenye kakao yake au anabaki nyumbani. Ratiba ya redio ya taifa hupangwa kwa ile saa ya kwanza. Lingekuwa jambo dogo kama lingeishia kwenye saa.

Haliishii hapo. Ifuate Radio Okapi siku nzima ukiwa Butembo. Asubuhi unapewa habari kwa lugha yako. Mchana unapewa mashauri. Jioni, nchi inapoanza kubishana, unageuzwa mtazamaji. Hoja yangu leo ni hiyo ya jioni. Ila haiwezi kueleweka bila kuipitia siku yenyewe, na kabla ya siku, nieleze kwa nini naiita redio ya taifa redio ambayo si ya serikali.

Redio ya serikali ipo. RTNC, mrithi wa Radio Congo Belge ya wakati wa wakoloni, ina vituo mikoani na ina historia ndefu. Mkazi wa Beni akitaka kujua rais amempokea mgeni gani leo, RTNC haitamwangusha. Akitaka kujua kilichotokea jana usiku barabara ya Mbau, atatafuta kwingine. Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, na siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ndiyo siku yalipofunguliwa mazungumzo ya Wakongo kule Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa vipande. Kinshasa ilikuwa ya Joseph Kabila, Gbadolite ya Jean-Pierre Bemba, Goma ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda, na Beni na Butembo zilikuwa chini ya kundi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi, Beni ikiwa makao makuu yake. Kila kipande kilikuwa na redio zake na ukweli wake. Umoja wa Mataifa, kupitia ujumbe wake wa MONUC, ukishirikiana na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ulianzisha redio ya kusikika pande zote kwa siku moja, habari zilezile, kwa Kifaransa na kwa Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Jina walilitoa kwa mnyama wa msitu wa Ituri, ambaye hifadhi yake ya Epulu iko kwenye barabara hiyohiyo inayotoka Beni kupitia Mambasa kuelekea Kisangani. Kwa hiyo watu wa Beni wana haki kidogo ya kusema redio hii ni jirani yao.

Taifa lilisikika redioni kabla halijaungana ardhini. Hilo ndilo lililoipa Okapi cheo ambacho sheria haikuwahi kuipa. Fondation Hirondelle ilijitoa mwaka 2014, MONUC ilikuwa imeshageuka MONUSCO tangu Julai 2010, lakini msikilizaji hakuyajali sana hayo. Kwake ilibaki redio inayosikika Butembo na Mbandaka kwa wakati mmoja.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi ni saa ya habari, na katika saa hiyo Okapi haina mpinzani wa kweli. Taarifa moja huzunguka lugha tano. Mwanahabari aliyeko Beni anaripoti mauaji ya usiku, na ripoti hiyo inasikika Matadi. Kabla ya mwaka 2002, mauaji ya kijijini Kivu yalikuwa uvumi wa barabarani mpaka mgeni mwenye kamera afike. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya mfululizo yanayohusishwa na waasi wa ADF yalipoanza katika wilaya ya Beni, thamani ya kuhesabiwa imekuwa kubwa zaidi. Familia iliyofiwa Mavivi au Eringeti haipati mtoto wake kwa kutajwa redioni. Lakini jina la kijiji likishatangazwa kote nchini, msemaji wa jeshi hawezi tena kunyamaza tu. Lazima ajibu, na jibu lake nalo linarushwa.

Baada ya habari hufuata simu za wasikilizaji. Kipindi cha Parole aux auditeurs ni cha Kifaransa, na bado watu wa mashariki hupiga. Wale wasiokimudu Kifaransa hawapigi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo mgawanyiko wa siku unapoanzia, mapema kabisa, hata chai haijapoa.

Okapi haiwezi, na haipaswi, kuwa kila kitu asubuhi hiyo. Hapa redio za mjini ndizo zenye nguvu. Butembo na Beni ni miji iliyojaa redio: za makanisa, za wafanyabiashara, za wanasiasa, za jamii. Radio Moto ya kanisa Katoliki ndiyo inayojulikana zaidi mbali. Zote hizi huishi kwa kitu ambacho redio ya taifa haiwezi kukitoa, yaani komunike. Fulani amefariki, kilio kiko mtaa wa Furu. Familia fulani ikutane Jumapili. Kitambulisho cha mpiga kura kimeokotwa sokoni. Mtoto wa miaka sita amepotea, alivaa shati jekundu. Wasomi wa habari hudharau komunike kwa sababu hulipiwa na kwa sababu hazina uchambuzi. Mimi naziona kuwa ndizo programu za redio zinazosikilizwa kwa makini kuliko zote Afrika Mashariki na Kati, na mtu anayepanga ratiba ya redio ya taifa bila kujua zinasomwa saa ngapi Butembo anapiga kelele kwenye chumba kitupu.

Basi msikilizaji wa Butembo hana redio moja. Anajitungia siku yake mwenyewe. Okapi kwa kuthibitisha, redio ya mtaa kwa majina, na kwa dunia, kwa miaka mingi, Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957, Sauti ya Amerika, na RFI Kiswahili iliyoanza mwaka 2010 ikitangaza kutoka Dar es Salaam. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akiwa na kisikizio sikio moja hubadili masafa mara nyingi kuliko anavyobadili gia. Hao wote walikuwa wakimfikia kwa Kiswahili. Sauti ya Amerika ilinyamazishwa Machi 2025 na serikali ya Marekani yenyewe, na huko Kivu, ambako miji miwili mikubwa ilikuwa imetoka kuanguka mikononi mwa waasi wa M23 wiki chache tu kabla, pengo hilo halikuwa la nadharia.

Mchana nitaupita haraka zaidi, isipokuwa sehemu moja. Vipindi vya mchana vya redio ya maneno ni vilevile karibu kila nchi: sheria ya ndoa na urithi, bei, kilimo, vijana, wanawake, afya, michezo. Vingi hudhaminiwa na shirika fulani, na ukisikiliza kwa makini unaweza kukisia ni mradi gani unaokaribia kwisha. Siwalaumu watayarishaji. Kipindi cha sheria kinachomweleza mjane wa Musienene kwamba shemeji hana haki ya kumtoa nyumbani ni kipindi chema hata kama kimelipiwa na Geneva.

Sehemu ya kukaa nayo ni afya, kwa sababu hapo Beni na Butembo zilitoa mtihani ambao redio nyingi duniani hazijawahi kuukabili.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kuthibitishwa Mangina, magharibi ya Beni. Ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati yake walihesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, mlipuko mkubwa wa pili katika historia ya ugonjwa huo baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Madaktari walikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuaminiwa. Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases: zaidi ya robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo. Chini ya theluthi moja waliziamini mamlaka za mitaa kwamba zinatetea maslahi yao. Waliokuwa na imani ndogo ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kufuata hatua za kinga.

Mtu wa mbali atasema ni ujinga. Mtu aliyeijua Beni hawezi kusema hivyo. Watu walikuwa wamechinjwa usiku kwa miaka minne bila msaada wa maana kufika. Ghafla ugonjwa unatajwa, na magari meupe yanajaa mjini, nyumba zinapangishwa kwa dola, vijana wa mbali wanaajiriwa. Watu waliyaita hayo biashara ya Ebola, na kwa upande wa fedha hawakuwa wamekosea kabisa. Redio, katika miezi hiyo ya mwanzo, ilifanya ilichozoea kufanya na afya: matangazo mafupi yaliyorekodiwa, nawa mikono, usiguse maiti, piga namba hii. Ujumbe ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba haukuwa na mlango wa kuujibu. Mwenye swali la kweli, kwa mfano kwa nini aliyefia nyumbani kwa malaria azikwe ndani ya mfuko, hakuwa na mahali pa kuliuliza hewani kwa lugha anayoitumia hata ndotoni. Swali lake likaenda mtaani na huko likapata jibu lake.

Tunajua lililofuata. Kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa Februari 2019, na siku chache baadaye kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Ugonjwa haukushindwa na redio peke yake, nisizidishe. Lakini kilichobadilika redioni kinaeleweka. Watangazaji wa mitaa walianza kujibu maswali kwa Kiswahili cha huku na kwa Kinande, moja kwa moja, wakiwa na waliopona pembeni yao. Mtu aliyetoka hai kwenye kituo cha matibabu akisimulia alichokula humo na nani aliyemwosha ana uzito ambao tangazo la sekunde thelathini haliwezi kuwa nao. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, upande wa Ituri, aliuawa nyumbani kwake baada ya kuendesha kipindi kuhusu Ebola. Kipindi cha namna hiyo ndicho wakaguzi wa ratiba hukiita cha kujaza muda.

Somo la Ebola ni la mpangilio wa siku: habari ya kutoka juu kwenda chini haitoshi pale ambapo watu hawamwamini anayezungumza. Lazima pawe na saa ya kujibiwa, kwa lugha ya msikilizaji. Redio za mitaa zilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Redio ya taifa ililijua mchana na haikulipeleka jioni.

Jioni ya Radio Okapi ina mfalme wake, Dialogue entre Congolais. Jina lenyewe linatoka Sun City, na kwa miaka zaidi ya ishirini kipindi hiki kimekuwa bunge la pili la nchi, mara nyingine la kwanza. Mbunge wa chama tawala, mpinzani, mtu wa jamii ya kiraia au profesa, meza moja, mada moja, mwendeshaji asiyekubali mtu kujificha. Ni kipindi kizuri. Naandika hivyo bila masharti, kwa sababu katika nchi ambayo wanasiasa hujipa saa nzima kwenye televisheni zao wenyewe, meza ya wapinzani wanaolazimika kusikilizana ni mali adimu.

Ni kipindi cha Kifaransa. Na meza, kwa kawaida, iko Kinshasa.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Okapi imeitii katiba hiyo kuliko taasisi nyingi za serikali, lakini imeigawa kwa saa. Lugha za taifa ni za kuarifiwa. Lugha rasmi ni ya kubishania. Mama muuza samaki wa Kyavinyonge katika soko la Butembo anajua kwa Kiswahili, kwa usahihi, nani amesema nini bungeni. Mabishano yanapoanza, yale yatakayoamua kama hoja ya huyo aliyesema ina mashiko, yeye yuko nje. Na mada ikiwa ni Beni, kama ilivyo mara nyingi, sauti ya Beni huwa ni mtu mmoja kwenye simu, laini inakatika, mwendeshaji anaomba radhi, na meza inaendelea bila yeye.

Mfano mmoja utasema zaidi ya maelezo yangu. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Rais mpya, ilishatangazwa, angeapishwa Januari. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliambiwa kwa taarifa moja kwamba kura yao ya urais haitakuwa na kazi. Wakati huo masoko ya Beni yalikuwa wazi, makanisa yalijaa na kampeni zilikuwa zimefanyika. Watu waliiona kauli hiyo kama adhabu kwa ngome ya upinzani, na mijadala ya Kinshasa ikaipima kwa lugha ya sheria ya uchaguzi. Watu wa Beni hawakungoja kuitwa mezani. Tarehe 30 Desemba walijipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura kwa karatasi zao wenyewe kwenye uchaguzi ambao hakuna aliyeuhesabu rasmi. Siku iliyofuata serikali ilikata intaneti nchi nzima na masafa ya RFI yakazimwa. CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi tarehe 10 Januari 2019, akaapishwa tarehe 24, na Beni na Butembo wakapiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi.

Ile mistari ya tarehe 30 Desemba, kwangu, ndiyo mjadala wa jioni ambao Beni haikupewa. Watu waliobishana vizuri kiasi hicho kwa miguu yao wangeweza kubishana redioni.

Najua majibu ya wanaotetea mpangilio uliopo, na si ya kipuuzi. La kwanza ni kwamba Kifaransa ndicho kinachomkutanisha Mluba wa Kananga na Mnande wa Butembo. Ukigawa mjadala kwa lugha, unagawa nchi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama nchi haikuwa imeshagawanyika kati ya wanaobishana na wanaosikiliza. Aidha Kiswahili kinatoka Bunia hadi Lubumbashi, kupitia Beni, Bukavu, Kindu na Kalemie. Mjadala wa Kiswahili ungewakutanisha watu wa mikoa mingi ambayo haikutani kwa Kifaransa.

La pili ni zito zaidi, na wahariri hulisema kwa sauti ya chini. Wanaogopa maneno ya moja kwa moja kwa lugha za watu katika nchi ya vita. Wana sababu. Mwaka 1994, ng'ambo ya mpaka, redio ya RTLM ilikitumia Kinyarwanda kuitisha mauaji, na Fondation Hirondelle yenyewe ilizaliwa mwaka 1995 na waandishi walioendesha Radio Agatashya kwa ajili ya Wanyarwanda baada ya maangamizi hayo. Huku Kivu, neno moja baya kuhusu kabila fulani linaweza kufika kijijini kabla ya askari. Hofu hiyo naiheshimu. Ila iangaliwe ilipotupeleka. Maneno ya chuki hayakungoja ruhusa ya mhariri. Yamehamia kwenye sauti za WhatsApp zinazozunguka Butembo kwa Kiswahili na Kinande, hazina mwendeshaji, hazina upande wa pili, hazina jina la aliyesema. Redio iliyokataa kuyasimamia haijayazuia. Imeyaacha bila mwamuzi.

La tatu ni fedha, na hapa redio za mitaa haziwezi kusingiziwa kuwa dawa. Mtangazaji wa redio nyingi za Kivu halipwi mshahara unaoitwa mshahara. Anaishi kwa kile Wakongo wote wanakiita coupage: bahasha ndogo kutoka kwa aliyeitisha mkutano, ili habari itoke. Mwanasiasa mwenye redio yake huwa na mjadala wake, na mfanyabiashara mkubwa anayeagiza bidhaa Dubai na Guangzhou kupitia Kasindi hahitaji kupiga simu kumnyamazisha mtu, inatosha kuondoa matangazo yake. Mwanahabari wa Okapi hulipwa na Umoja wa Mataifa. Uhuru wake mezani una maelezo ya kibajeti, na bila kuyataja tutamsifu kwa ushujaa peke yake. Ushujaa upo: Serge Maheshe aliuawa Bukavu Juni 2007 na Didace Namujimbo Novemba 2008, wote wawili wa Okapi. Lakini ushujaa ukiwa na mshahara hudumu zaidi.

Na hapo ndipo kitendawili cha Butembo kilipo. Julai 2022 watu waliandamana dhidi ya MONUSCO katika miji ya Kivu. Damu ilimwagika Butembo, ya waandamanaji na ya walinda amani, na mwezi uliofuata ujumbe huo ukaondoka mjini. Redio ya ujumbe huohuo iliendelea kusikilizwa. Msikilizaji alitenganisha mkono na mdomo: wanajeshi hawakumlinda, redio ilimhesabu. Anayepanga kuondoka kwa MONUSCO, ambako kulianza kwa awamu na kukakamilika Kivu Kusini Juni 2024, anapaswa kulisoma hilo kwa makini. Watu hawakuikataa redio. Lakini redio iko kwenye bajeti ileile ya helikopta na magari ya kivita, na vitaondoka pamoja kama hakuna aliyevitenganisha.

Serikali ikirithi, itarithi nini? Kumbukumbu zilizopo hazitulizi. Desemba 2012, siku chache baada ya Okapi kumhoji Jean-Marie Runiga, kiongozi wa kisiasa wa M23 iliyokuwa imeiteka Goma, baraza la kusimamia utangazaji, CSAC, liliizima redio hiyo mjini Kinshasa kwa siku kadhaa. Sababu iliyotolewa ni kwamba redio haikuwasilisha ratiba ya vipindi vyake. Ratiba ya vipindi! Januari 2025, M23 ikikaribia tena Goma, CSAC ileile iliisimamisha Al Jazeera kwa siku 90 baada ya kumhoji kiongozi mwingine wa M23. Miaka kumi na mbili ilikuwa imepita, na kosa lilikuwa lilelile, la kumruhusu mtu mbaya azungumze. Wenye mamlaka Kinshasa wanaijua vizuri kuliko wasikilizaji nguvu ya kuamua nani anazungumza saa ngapi.

Tangu Goma ianguke mwishoni mwa Januari 2025, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini. Gavana yuko hapo, ofisi ziko hapo, waliokimbia kutoka Rutshuru na Lubero wako hapo na Butembo. Utawala wa kijeshi uitwao hali ya kuzingirwa, uliotangazwa Mei 2021, umeweka wanajeshi na polisi mahali pa viongozi wa kiraia, kwa hiyo hata vikao vya kawaida vya kumuuliza meya swali vimepungua. Mji ambao umekuwa makao ya mkoa hauna meza ya taifa ya kuulizia maswali. Sidhani kuna mahali pengine Kongo leo penye haja kubwa zaidi ya mjadala wa hadhara unaosikika nchi nzima.

Wanaokaa Kinshasa na New York wakipanga tarehe za MONUSCO wanapaswa kuiandika Okapi kwa jina katika makubaliano: itaongozwa na nani, bajeti yake itatoka wapi, na CSAC haitakuwa na uwezo gani juu yake. Hilo ni la miezi mingi na mawakili wengi. Jingine halihitaji sheria. Wapangaji wa Okapi waipe Beni jioni moja kwa juma, mjadala wa Kiswahili, kwa saa ya mashariki, na mwendeshaji aliyefunzwa kazi ngumu ileile ya Dialogue entre Congolais, urushwe nchi nzima. Kinshasa, kwa zamu yake, ipewe muhtasari wa Kifaransa kesho yake asubuhi.